Nilimpa Fundi Nyota Tano Kabla ya Mvua

Shangazi Drusilla mpendwa,

Nahitaji msaada wako, na ukishamaliza kunicheka nisaidie kweli, kwa sababu mimi ni mama mtu mzima, nina watoto watatu na shamba la majani chai hapa karibu na Mogogosiek, na mwaka jana mimi na mume wangu Kipkemboi tuliamua kubomoa jiko letu la udongo tujenge la mawe, lenye mabati mapya na mfereji wa kupeleka maji ya paa kwenye tangi, na kazi tukampa fundi Kipngeno, ambaye, nikwambie mapema, alipashwa tohara pamoja na mume wangu, walikaa jandoni nyumba moja, na kwetu watu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu.

Alimaliza mwezi wa kwanza, jua likiwaka, na kuta zimenyooka, sitamnyima haki yake. Tukaita watu kwa maombi ya kufungua jiko. Sasa shangazi, kabla mchungaji hajabariki chakula, Kipngeno akasimama akasema, "Watu wa Mungu, kila mtu atoe simu, aingie pale kwa ramani ya mtandao, aguse jina yangu, anipee nyota tano, ndio tukule." Na watu walikuwa na njaa. Nyota zilimwagika! Hata leo ukiyasoma yale maoni waliyoandika chini ya jina lake utaona wengi wanasifu upishi wangu: jirani yetu Mongina aliandika, "Fundi mzuri sana, nyama ilikuwa laini," na mzee Arasa akaandika, "Chapati iliisha mapema lakini nyumba iko sawa." Mimi nami, kwa furaha ya siku ile, nikaandika, "Fundi wa maana, sasa mvua ije!"

Mvua ikaja. Wewe unaijua mvua ya huku, saa tisa alasiri ikifika haiulizi mtu, na hapo ndipo tulipogundua kwamba Kipngeno ameuinamisha mfereji upande usiofaa, maji yanalikimbia tangi yanakuja kumwagika mlangoni mwa jiko na kuingia ndani, kwa hiyo tangi langu la lita elfu tano halijaonja hata kikombe kimoja, na mimi napika nikiwa nimevaa gambuti, na Kipkemboi anakunywa chai miguu ikiwa juu ya kiti cha pili, anasema eti angalau si kiangazi.

Nimempigia fundi simu mara tano. Mara ya kwanza alisema, "Mama, nyumba mpya lazima ilie kidogo, itazoea." Mara ya mwisho alisema, "Niko mbali kidogo, niko Ndanai," na mimi namtazama kwa macho yangu mawili pale kwenye kituo cha kupimia majani chai, amesimama karibu na mizani anakula ndizi! Nilirudi nyumbani nikaandika kwa hasira, "Huyu fundi ni mwongo, amenijengea bwawa, hii nyota moja ni kwa sababu simu imekataa sufuri," lakini sijatuma, maana Kipkemboi alinishika mkono akasema, "Ukituma hiyo kitu, mimi nitaangalia Kipngeno na macho gani? Kuaibisha yeye ni kuniaibisha mimi." Sasa ni wiki mbili maneno hayo yamekaa kwenye simu, asubuhi nataka kutuma, jioni naona huruma.

Halafu kuna jambo lingine dogo. Jirani yetu Chepngeno, mjane, ameuza ng'ombe wawili ili aezeke nyumba yake, na kazi amempa huyo huyo Kipngeno, wanaanza Jumatatu. Juzi tukichuma majani aliniambia, "Niliona vile uliandika mambo ya mvua, nikasema kama ni wewe umesema, basi." Nilicheka tu nikaendelea kuchuma. Je, nitume au nisitume?

Mama wa Bwawa,
Mogogosiek

SHANGAZI DRUSILLA ANAJIBU:

Mama wa Bwawa, nimecheka hadi chai ikanipalia. Pole kwa gambuti, pole kwa tangi, na pole zaidi kwa ile ndizi pale kwenye mizani. Sasa nimemaliza kucheka, sogea karibu nikugombeze.

Unaniuliza uandike au usiandike, kana kwamba hujaandika. Uliandika mwezi wa kwanza! Ulilisifu paa ambalo halijaona tone, na mjane ameuza ng'ombe wawili kwa kuamini neno lako. Halafu hilo ndilo unaliita jambo dogo na kulitupa mwisho wa barua, baada ya nyama na chapati. Mama, hilo ndilo jambo lenyewe. Na kile kicheko chako shambani kimenikera kuliko uongo wa fundi, kwa sababu Chepngeno alikuwa amesimama mbele yako akikungojea useme.

Kwa hiyo kunja gazeti hili uende kwake leo, kwa miguu, usimpigie simu. Mlete jikoni kwako saa tisa, mpe gambuti za Kipkemboi, mvua imweleze yenyewe. Akitaka bado kumpa Kipngeno kazi, ni haki yake, lakini atakuwa amejua namna ya kumsimamia na mahali pa kuangalia.

Sasa wewe bwana Kipkemboi, najua unasoma hapa miguu ikiwa kitini. Ishushe. Mtu mliyekaa naye jandoni ndiye unayeweza kumwambia ukweli bila kumpaka matope, na wewe umemwachia mkeo kazi hiyo, tena kwa simu. Mwalike Kipngeno kesho, saa tisa hiyo hiyo, umpe kigoda kilicho karibu na mlango na chai ya moto, na usiseme neno mpaka soksi zake zilowe. Hapo mpe wiki moja ainamishe mfereji upya, na siku atakayopanda kuurekebisha uwe chini ya ngazi ukiishikilia wewe mwenyewe.

Mama, ile ya "mwongo" na "bwawa" ifute. Ni tamu, hata mimi nimeionja, lakini haimsaidii mtu. Wiki ikiisha andika ulichokiona tu: kuta zimenyooka, mfereji uliinamia mlangoni, tulimwita mara tano. Akiwa amerekebisha, sema amerekebisha, kwa moyo wote. Akiwa amekataa, sema amekataa, na Kipkemboi asikushike mkono. Nyota utatoa kulingana na tangi, si kulingana na hasira.

Lakini kuna neno moja lisilongoja wiki. Ile "sasa mvua ije" bado iko pale na nyota zake tano, na kuna mtu mwingine anaisoma sasa hivi akiwa na mabati yake uani. Ifute kabla ya saa tisa.