Buluu iliyofifia shimoni

Hemalatha, shoga yangu, sikia yaliyonipata. Sarath mwanangu nusura afie shimoni!

Alikuwa chini peke yake, akachimbua jiwe-mwezi, kito chenyewe. Akaniita mimi niliyekuwa mdomoni mwa shimo, "Mama, angavu kama maji, halina ufa! Na buluu inatembea juu yake!" Wajua mwenyewe, buluu hiyo ndiyo bei. Lenye ukungu ni la kuuzia watalii.

Nikamwambia, "Basi panda juu, ulitazame juani."

"Ili wenzangu wote walione? Ngoja niligeuze kwenye mwanga wa mshumaa."

Mara akasema, "Mama, buluu inafifia."

Inafifia! Nikamwuliza, "Na mshumaa je?"

"Nao umekuwa mdogo." Sauti ya mlevi kabisa.

Hemalatha, jiwe halikuwa na neno, hewa ndiyo iliyokuwa inakwisha! Nikapiga yowe. Kamba ilikuwa kiunoni mwake, wenzake waliokuwa wamepumzika kivulini wakaja mbio, wakavuta. Akatoka na midomo ya zambarau, amekaza ngumi. Jiwe alikuwa nalo.

Sasa lipo mezani, buluu kweli kweli, na hata mkewe halitazami. Mimi nimekaa kitandani kwa Sarath. Kila akinyamaza naweka kiganja puani mwake, nisikie kama anapumua.