Kibuyu cha Baba Nilichokisugua kwa Sabuni

Mama yangu wa Kimulot,

Leo ni siku ya nne tangu tukuzike, na bado sijatulia. Si kilio. Kilio nilikimaliza Jumamosi kaburini, uliza mtu yeyote. Nimeshtuka, Mama. Nimeshtuka mpaka nimechana karatasi ya katikati ya daftari la Chebet, nikakaa hapa jikoni kwako nikuandikie, kwa sababu mtu pekee wa kunieleza jambo hili ni wewe, na wewe hupo.

Unaikumbuka wikendi ile ya Aprili, mwaka wa tisini na tatu? Kirui mwanao alinileta kwako Ijumaa jioni, mvua ikinyesha, na Jumamosi alfajiri akarudi mjini Kericho kazini, akaniacha na mama mkwe ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Ndoa tulikuwa tumefunga kwa DC, mkuu wa wilaya, bila ya wewe kuwapo. Mimi Mkisii, nimezaliwa na kulelewa kwenye laini, zile nyumba za safu za wachuma chai wa shamba kubwa, na fujo za mpakani kati ya watu wetu na wenu zilikuwa zimetulia juzi tu. Baba Mdogo, shemeji yako, alikuwa amesema waziwazi kwamba msichana wa upande ule hatakaa kwenye boma la marehemu ndugu yake. Jumapili angekuja kula, aniangalie, kisha aseme neno lake mbele ya wanao wote. Wewe ulikuwa mjane, na neno lake lilikuwa zito.

Ulipotoka asubuhi na kikapu mgongoni kwenda kuchuma chai, ulinikataza kazi. "Wewe ni mgeni. Kaa tu, kunywa chai."

Nani akae? Mama yangu mzazi alinifundisha kwamba bibi arusi anayekaa husemwa. Nikafagia nyumba, nikafagia uwanja, nikateka maji mtoni mara tatu. Sufuria zako nilizisugua kwa jivu mpaka nikajiona uso. Kisha nikainua macho, nikaona vibuyu vitatu vimening'inia ukutani, na kile kikubwa, chenye mkanda wa ngozi na shanga, nikakishusha. Nikachungulia ndani. Kilikuwa cheusi tititi.

Kwetu kwenye laini, maziwa tulipimiwa kwa kikombe cha bati. Mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha kibuyuni, nilikuwa nimeionja kwa jirani, lakini sikujua inatengenezwaje. Sikujua kwamba weusi ule ni mkaa wa mti, unaosuguliwa ndani mwaka baada ya mwaka, na kwamba ndio unaoyapa maziwa ile ladha. Mimi niliona uchafu. Tena nilikuhurumia, nikasema maskini Mama, macho yake hayaoni tena vizuri. Nikatia maji ya moto, sabuni ya unga na kokoto, nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Maji yakatoka meusi, nikafurahi. Nikarudia mara nne. Yalipotoka meupe nikaanza kuimba, nikakianika juani juu ya kichanja cha vyombo.

Nikiwa napepeta mchele nikasikia, ta!

Uliporudi ulikiona kabla hujatua kikapu. Ufa ulikuwa umetoka shingoni ukashuka mpaka tumboni. Ulikichukua kwa mikono miwili, ukaweka pua kwenye mdomo wake, ukanusa kwa muda mrefu.

"Sabuni?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mawe?"

"Madogo."

"Na maji moto." Hapo hukuwa unauliza tena. Ukakaa kwenye kigoda na gambuti zako za matope. "Hii ilikuwa ya mzee," ukasema polepole. "Watoto yake wakikuja nyumbani, wanakunywa maziwa ya hii. Baba Mdogo kesho anakuja kunywa ya hii."

Nilitaka ardhi inimeze. Hata machozi yalikataa. Ukanawa miguu, ukavaa viatu, ukaniambia nichukue sweta twende soko. Nikajua. Stendi ya magari iko sokoni. Unanirudisha kwetu kabla Baba Mdogo hajaja kunifukuza, na hiyo kwa kweli niliiona ni huruma. Nikaingia chumbani, nikakunja nguo zangu zote, nikafunga begi.

"Hiyo begi ni ya nini?"

"Si naenda?"

"Unaenda wapi? Toa hizo nguo. Tutabebea mitumba."

Mama, mimi nilidhani nimekwisha kushtuka kwa siku hiyo. Kumbe! Wewe, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu wa kutembea taratibu, ulipofika kwenye lile lundo la makoti uliingia kwa kichwa. Uliwasukuma watu kwa kiwiko. Mama mmoja alishika mkono wa koti la kijani, ukashika mkono wa pili, mkavutana huku mkisalimiana na kuulizana habari za ng'ombe. Akaachilia yeye.

"Hiyo ni ya Ulaya kabisa, mama," kijana wa mitumba akasema. "Toa mia moja."

"Ulaya hawana vifungo? Angalia, moja hakuna."

"Themanini basi."

"Mvua hiyo inakuja. Utabeba hii yote ikiwa maji. Shika sitini."

Akashika. Ukanivisha palepale, ukanigeuza nyuma na mbele. "Utavaa hii kesho. Baridi ya hapa itakumaliza kabla ya Baba Mdogo." Nikacheka, halafu nikajionea aibu, mtu aliyeharibu kibuyu cha marehemu anacheka nini.

Njiani ulinunua mbegu za mboga, na kwa mwanamke mwingine mbegu bapa za vibuyu, zikajaa kiganja. Mchana huo tulilima kando ya ua. Ulichimba, nikatia mbolea ya ng'ombe, ukatia mbegu.

"Hii inakaa miezi mingi," ukasema. "Ikikomaa tunakausha. Halafu nitakuonyesha kuweka mkaa. Pole pole, utajua."

Nilihesabu miezi hiyo kichwani. Ulikuwa umeniweka katika yote. Ndipo machozi yakaja, nikalia juu ya tuta, nawe ukajifanya unang'oa magugu.

Lakini Jumapili ilibaki palepale. Tulipotoka kanisani tulichinja kuku, tukasonga ugali wa wimbi, ukanionyesha kuchemsha mboga za managu kwa maziwa. Baba Mdogo akaingia na kofia yake na fimbo, Kirui na ndugu zake nyuma. Hakuniangalia. Alikaa, akaweka fimbo mapajani, akasema, "Leta maziwa ya ndugu yangu."

Nilikuwa nimeshika sahani za ugali. Ukasimama wewe, na nguo yako nyeupe ya kanisa.

"Maziwa hakuna. Nimeharibu hiyo kibuyu. Niliosha na sabuni."

"Wewe?"

"Mimi. Ni uzee."

Wewe! Mtu aliyemrudia karani wa kituo cha chai kumwambia amekuzidishia kilo mbili! Nilikutazama mdomo wazi. Na Baba Mdogo, niliyengoja alipuke, akaangua kicheko mpaka akavua kofia. "Sabuni! Umeosha ndugu yangu na sabuni!" Kirui akacheka. Wote wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kuwashinda wote.

Miaka sita walikutania. Ukigusa sufuria tu, mtu anapaza sauti, "Mama, hapana sabuni!" Nawe unatikisa kichwa, unaendelea na kazi yako. Vibuyu vya uani vilizaa, nikajifunza mkaa, Chebet akazaliwa, na bado sikusema. Mara mbili nilifungua mdomo nikaufunga. Nilikuwa mwoga, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuogopa. Hata ulipolala kitandani ukinishika mkono, siku zile za mwisho, sikusema.

Jana mchana tulikaa uwanjani kugawana vitu vyako. Mtu akatoa vikombe vyako, na Baba Mdogo, ambaye siku hizi macho yake yanatoa maji hata bila huzuni, akaanza kuwahadithia wajukuu. Eti nyanya yenu, mwenye akili vile, siku moja alichukua kibuyu ya mzee, akatia sabuni.

Sikuvumilia. Hukuwapo tena kutikisa kichwa. Nikasimama nikiwa na vikombe mkononi, nikasema, "Si Mama. Ni mimi. Ni mimi niliosha."

Nikangoja nifukuzwe, Mama, miaka sita nimechelewa.

"Tunajua," Baba Mdogo akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuja kwangu hiyo Jumapili asubuhi, nikikama ng'ombe. Akasema, msichana ameharibu kibuyu ya ndugu yako. Mimi nitasema ni mimi, na nyinyi mtacheka. Mwenye hatacheka asikanyage kwangu tena."

"Na Baba Mdogo hukukasirika?"

"Nilikasirika sana! Nilikuja kukufukuza, fimbo ndiyo hiyo. Lakini nimeagizwa kucheka, nikacheka, na wewe ukacheka. Krismasi tukacheka tena. Sasa mtu mwenye unacheka na yeye kila mwaka, utamfukuza aje?"

Nikamgeukia Kirui. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Miaka sita tunalala kitanda kimoja!

Mama, nimekukasirikia. Kila Jumapili niliomba msamaha kwa uongo ambao haukumdanganya mtu yeyote ila mimi. Nilikuonea huruma walipokutania, kumbe walikuwa wanakutii. Na katika hasira hii nakupenda mpaka kifua kinaniuma. Ungeniacha nikiri siku ile, ningekuwa yule Mkisii aliyeharibu kibuyu cha mzee, maisha yangu yote. Uliona hayo yote ukiwa umekaa kwenye kigoda na gambuti.

Nimekaa hapa tangu asubuhi, sijui nilie au nicheke. Baba Mdogo amechungulia mlangoni sasa hivi, ameona machozi. Ameniambia nicheke. Anasema uliagiza.

Pumzika, Mama. Kongoi sana, asante mno.

Mkaza mwanao,
Mama Chebet