Maini ya Jiwe

Euless, Jumapili ya mvua, mwezi wa tatu. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke Lushoto, na siku ya hamsini na tatu tangu tukuzike Houston.

Sefu,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu umekufa kabla sijakutukana, na kukutukana ilikuwa haki yangu. Mimi ni mtoto wa shangazi yako. Sisi ni watani. Makaburini niliigiza kikohozi chako na mwendo wako wa bata mpaka wazikaji wakacheka na imamu akatazama pembeni. Kama ningejua ninayoyajua leo, ningeigiza mwongo.

Nianze na jicho. Wiki mbili baada ya mazishi nilitolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipoondolewa, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni ile chupa ya achari kwenye dirisha la bafu, uliyoniletea miaka mitatu iliyopita ukitoka nyumbani. Ndani yake, maini ya jiwe. Bibi yetu ndiye aliyeyaita hivyo, kwa kuwa hayana shina wala jani la kweli: ni vipande vya kijani, vizito, vimelala kwenye jiwe bichi kivulini kama ini la mbuzi kwenye sinia. Uliniambia umeyabandua kwenye ukuta wa chemchemi yetu, ukayapitisha uwanja wa ndege ndani ya soksi. "Chemchemi ipo vile vile, mtani," ulisema. "Inakungoja wewe tu, kobe."

Nikachukua kioo changu cha kukuzia, kile nilichokitumia nikifanya kazi kituo cha misitu kule nyumbani. Unavikumbuka vile vikombe vidogo juu ya maini ya jiwe, vyenye chembe za kijani ndani? Tulikuwa tunadondoshea maji kwa bua, tukishindana chembe za nani zitaruka mbali zaidi. Vikombe vya kwetu ni duara, vina meno meno ukingoni. Vya chupani ni nusu duara, kama mwezi mwandamo. Ni mmea mwingine, Sefu. Wa jamii moja, lakini mwingine. Na mimi kwa miaka mitatu, kila asubuhi, nimekuwa nikiunyunyizia maji na kuusalimia kwa Kisambaa.

Nilijilaumu kwanza. Nikasema labda kumbukumbu imechakaa. Nikaja nyumbani kwako Katy kwenye arobaini yako. Baada ya hitima mkeo, Bi Zuhura, akanifungulia picha kwenye simu kwa fahari: "Shemeji, tazama bomba alilotuachia ndugu yako." Chemchemi imejengewa saruji pande zote, jiwe bichi halionekani tena, mlango wa chuma, bomba limetokeza. Kumbe wewe ndiye uliyewakalia wazee wa ukoo mpaka wakakubali, safari ile ile ya soksi. Siwezi kugombana na bomba. Wanawake hawapandi tena kile kilima na ndoo, na watoto hawaharishi. Ungeniambia ningekusifu, halafu ningelia, basi.

Kesho yake Bi Zuhura akaniomba nikachukue viatu vyako vya mpira kwenye kitalu cha maua ulikokuwa ukifanya kazi. Vilikuwa chini ya meza ya vyungu. Nikainama, nikaiona: miezi miandamo, zulia zima, sakafuni na kwenye miguu ya meza. Msimamizi akaniambia nichukue yote nikitaka, ni magugu, kila wiki wanayakwangua.

Magugu.

Uongo wa mtani husamehewa. Mimi mwenyewe nilikufichia viatu msikitini ukaenda kazini na soksi. Lakini mtani kazi yake ni kumwambia mwenzake usoni lile ambalo wengine wanalimung'unya. Miaka yote nilisema nikistaafu nitarudi, nijenge chumba kimoja juu ya chemchemi. Nikastaafu. Sanduku la safari likakaa mlangoni, limefungwa, na kila ulipokuja kwangu Euless uliliruka ukapita. Ulitakiwa useme: mzee, ulichokiacha hakipo, fungua sanduku. Badala yake ulinionea huruma, kama mtu baki. Hapo ndipo uliponikata maini.

Nilipomsimulia binti yangu, yule wa Arlington, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ulikuwa na nia njema. Nikamwambia nia njema ni ya majirani. Mtani hana ruhusa hiyo.

Nenda basi, bata. Bi Zuhura sitamwambia habari ya chupa. Hilo nakuahidi, kwa ajili yake, si yako. Magugu yako nitaendelea kuyanyunyizia maji, maana yenyewe hayakunidanganya.

Leo asubuhi nimefungua sanduku. Mashati nimeyatundika kabatini.

Lushoto sirudi.