Magoti Kwanza

Jumanne, 4 Machi

Bonge wangu,

Nimekasirika mpaka sindano ya cherehani imenichoma kidole. Kaka yako alikuja. Chai hata haikupoa. Alisimama mlangoni kwa mama yenu, mikono mfukoni, akamtazama pale kitandani kama mtu anayepima kabati la kuhamisha. Eti Mama aende kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Eti wewe ndiye uliyekuwa unamnyanyua, wewe haupo, na mimi — "Shemeji, wewe upepo ukivuma tunakushika." Akacheka! Na Mama anasikia!

Nikamwambia nitamnyanyua mimi. Akasema haya, mwezi wa tano nitakuja nione.

Ukweli naujua. Jana nilimtoa kitandani nimweke kwenye kiti, tukaanguka wote wawili. Tukakaa sakafuni mpaka jirani fundi bomba alipopita. Mama akasema afadhali zulia lilifagiliwa. Wewe ulikuwa unamwambia, "Haya, bibi harusi," unamzungusha kidogo kama mnacheza dansi, mara yuko kitini. Na wewe nakukasirikia. Kifua kama mlango, halafu unachukuliwa na homa!

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda jimu, ile ya nyuma ya gereji. Kijana mmoja akanipokea: "Mama, saluni ni mlango wa pili." Nikamjibu nywele zangu ni nzima, kibovu ni mikono. Wenzake wakamzomea yeye. Vizuri.

Mwalimu wao wanamwita Nondo. Nikamwambia nataka niweze kumnyanyua mtu mzima. Akauliza kama mume ananipiga. Nikasema mume amekufa. Akaniletea vyuma vidogo.

Na nile, amesema. Mayai, maharage, samaki, maziwa. Nile hata kama sitaki. Tangu tukuzike chakula ni pamba mdomoni. Leo nimekula kwa hasira. Kila tonge nilikuwa namtafuna kaka yako.

Jumatano, 9 Aprili

Mjinga mimi! Muda wote huu nafanya mikono tu, kwa sababu nikikukumbuka naiona mikono yako. Yangu imekaza kweli, nimefumua blauzi mbili. Lakini Mama hanyanyuki. Leo nimemvuta mpaka nimemuumiza kwapa, na hakusema. Nilipokwisha kulaani kila kitu chumbani, akaniambia taratibu, "Mwenzio alikuwa anakunja magoti kwanza. Nilikuwa nauona utosi wake."

Utosi wako, Bonge. Wenye lile kovu la utotoni.

Nondo kashika kichwa. "Miguu, mama! Ungesema tangu mwanzo kwamba ni mtu wa kitandani!" Basi nimeshona gunia la turubai, nimelijaza mchanga, nimelivalisha shati lako la kazini nipate pa kushika. Nalikumbatia, nashuka, napanda. Mama ananihesabia toka kitandani. Anairudisha hesabu nyuma makusudi ili nirudie. Nikilalamika anasema uzee.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemnyanyua! Kitandani hadi kitini, hakuna aliyeanguka! Nikamwambia, "Haya, bibi harusi," tukalia, tukacheka, maharage yakaungua. Nimeyala hivyo hivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Sijawahi kumpigia Mama kelele. Leo nimempigia.

Nilikuwa nampunguzia gauni pembeni, linampwaya. Pini mdomoni, ndipo nikashtuka: hili si nililipunguza juzi juzi? Nikamwinua mkono. Mbavu, Bonge. Mbavu tupu.

Nikambana mpaka akasema. Kila nikienda jikoni kufuata chumvi au maji, samaki wake anamfukia chini ya wali wangu. Yai lake, vilevile. Nami nilidhani sahani yangu haiishi kwa sababu sina hamu!

"Nilikuwa nasikia unavyoguna ukininyanyua," akasema. "Wewe uongezeke, mimi nipungue, tukutane katikati."

Anasema hivyo anatabasamu! Nikapiga kelele mpaka fundi bomba akaja kuuliza kuna nini. Najivunia misuli, kumbe nimemnyanyua kwa njaa yake. Nimeishonea nguo ile njaa na sikuiona! Nimemkorogea uji wa maziwa na yai, nikamkalia kama askari mpaka bakuli likawa tupu. Kuanzia sasa tunakula sahani moja. Anitazame machoni.

Ila kesho kaka yako anakuja.

Jumapili, 18 Mei

Amekuja. Gari liko nje, hata hajalizima.

Alimtazama Mama shingo, akanitazama mimi mikono. "Shemeji, umenawiri. Mama kabaki mifupa. Chakula kinakokwenda kinaonekana." Eti namnyang'anya Mama chakula. Mimi! Mama akafungua mdomo aseme, akamkatiza: pumzika, Mama, usijichoshe. Amelengwa na machozi kweli, nimeona, na hilo ndilo linanitia hasira zaidi. Laiti angekuwa mwovu tu.

Halafu akasema — nisikilize, Bonge — akasema, "Basi nisaidie kumbeba mpaka garini. Mgongo wangu mbovu."

Yule yule wa upepo!

Nimesema ngoja nimvalishe. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda, daftari pajani. Anagonga. "Shemeji, tunachelewa." Mama amejimalizia uji wote bila kulazimishwa, amejifuta mdomo, amenyoosha mikono anatafuta shingo yangu. Kiti chake kiko kulia, dirishani. Mlango uko kushoto. Hajaniuliza tunaelekea wapi.

"Haya, bwana harusi," ananiambia.

Anagonga tena, sasa kwa kiganja. Naweka daftari, nakunja magoti. Huko uliko, Bonge, nikumbuke.