Kiti cha Mjomba

Lionja, Nachingwea
19 Oktoba

Kwako kaka yangu Silvanus,

Salamu nyingi zikufikie huko Mandawa, wewe na wifi yangu Winfrida pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba Gaudensia anasumbuliwa na kifua tangu alipopulizia mikorosho salfa bila kujifunga kitambaa puani. Ukimwambia ajifunge anakujibu kwamba baba yake hakujifunga. Natumaini na wewe u mzima. Nasema hivyo kwa sababu barua lazima iseme hivyo, ila ukifika mbele utajua kwa nini nimecheka peke yangu nilipoandika neno hilo.

Utashangaa kupokea barua zama hizi. Simu unaikata, kaka, na barua haikatiki. Najua pia kwamba macho yako hayaoni tena maandishi na miwani uliikalia mwenyewe, kwa hiyo anayesoma hapa ni wifi. Wifi, shikamoo. Soma kwa sauti, usiruke mstari, hata akikwambia inatosha.

Nianzie kwenye ufuta. Miaka minne mimi na wewe tulikuwa watu wa kupeana mkono misibani tu, tangu tulipogombana mahali pa kumzika mama. Mwezi wa sita nikamsikia mama mmoja redioni akisema kwamba ndugu waliopotezana wakae chini, waache simu ndani, kila mmoja amuulize mwenzake jambo ambalo hajawahi kumuuliza. Nikamcheka, nikasema huyu hana ndugu huyu. Halafu nikajikuta nalia juu ya sufuria. Kesho yake nikafunga viazi pori vyetu, ming'oko, kwenye kanga, nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa, na kutoka hapo nikaja kwako.

Nilikukuta unapiga ufuta. Nikachukua fimbo, tukapiga pamoja, na tukazungumza tangu asubuhi mpaka wifi akatuita kula mara tatu. Nikakuuliza ni kitu gani kilikuuma utotoni. Ukaniambia kwamba uliporudi kutoka jandoni walikukataza kuingia tena chumbani kwa mama, kwa kuwa sasa wewe ni mwanamume, na usiku ule ulilala umekaa nje ya mlango wake ukimsikia anakohoa. Jamani! Miaka yote hiyo sikujua. Nilikuonea huruma mpaka nikaweka fimbo chini.

Nawe ukaniuliza ninachokiogopa. Nikakwambia ni mwanangu Gaudensia. Nikakwambia kifafa kilichomwacha akiwa darasa la tatu kimerudi, kwamba anakunywa vidonge, na kwamba nje ya nyumba yetu anayejua ni nesi na huyo kijana Fortunatus anayetaka kumwoa, basi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba mgongoni mpaka zahanati alipokuwa mdogo, mate yake yakikulowesha shati. Ulitupa fimbo ukalia. Ukasema neno hili limefia hapa hapa kwenye ufuta, Teodosia, halitatoka.

Nikakuomba radhi pia kwa kosa la mshenga. Sisi ni watu wa upande wa mama, mlango wa posa ni mjomba; lakini Mzee Adinani, mshenga wao, si mtu wa kwetu. Yeye alijua baba ndiye baba, akaenda moja kwa moja kwa mume wangu. Kosa la mgeni. Ulicheka, ukasema mambo ya kizamani hayo, ukaahidi kwamba siku ya posa utakuja kukaa kwenye kiti chako. Nilirudi Lionja naimba. Mume wangu akaniuliza kama nimekunywa.

Basi. Wiki mbili hazikuisha, ukaenda gulioni Nambilanje ukamtafuta mama yake Fortunatus. Hukukutana naye kwa bahati, ulimtafuta. Ulimuulizia kwa wauza viazi. Ukamwambia unamwonea huruma kijana wake, maana watu wa Lionja wanamwozesha mgonjwa wamemfunika kanga nzuri. Maneno hayo ni yako, amenirudishia mwenyewe yote. Na ulipokuwa ukiyasema, anasema, ulikuwa unatafuna muwa.

Kulikuwa kimya mwezi mzima. Hakuna mshenga, hakuna salamu. Gaudensia alianguka mara mbili katika wiki moja, mara ya pili jikoni, akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Alidhani Fortunatus ndiye aliyesema. Alimtukana kwenye simu maneno ambayo sikujua mwanangu anayajua. Kumbe kijana wa watu alikuwa amesimama mbele ya mama yake anamwambia kwamba anajua, kwamba yeye ndiye anayempeleka Gaudensia hospitali kuchukua vidonge, na kama mama hamtaki msichana basi na mtoto hana.

Mwezi wa nane yule mama akaja mwenyewe. Hakupita kwangu. Alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda na Gaudensia, akamuuliza inakuwaje mtu anapotaka kuanguka, anaona nini, anapozinduka anapenda ashikwe wapi. Walizungumza mpaka jua likashuka. Alipotoka aliniambia nani aliyempelekea habari, tukapanga siku ya posa.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Baada ya hayo yote bado nilikuwekea kiti. Mume wangu alikataa, nikamwambia damu ni damu, nitazungumza naye tena. Mshenga safari hii alianzia kwako, akanywa maji kwako, ukamwambia utakuja. Tukakungoja. Wali ukapoa, wageni wakamaliza hadithi zote za korosho na mvua, kiti kiko kitupu mbele yao. Simu yako imezimwa. Mchana akapita dereva wa bodaboda wa huko Mandawa, akasema amekuacha kilabuni unakunywa uraka, unawaambia watu kwamba Lionja wamekaa wanakodoa macho, na bila wewe hakuna posa leo, wajifunze adabu.

Alisema mbele ya watu wote, na Gaudensia akiwa nyuma ya pazia.

Mzee Adinani akauliza kwa upole utaratibu wetu unasemaje. Tukamwambia kweli: mjomba akiwapo hai na hakuja, posa inarudi. Ikiwa amefariki, ukoo unaweka mwingine. Hapo wakaomba msichana aitwe, wamwone tu kabla ya kuondoka. Gaudensia akaja na bandeji yake, akapiga magoti mkekani. Mshenga akamuuliza, kwa kumfariji nadhani, mjomba wake yuko wapi leo.

Akasema mjomba wake amefariki.

Kaka, kila mtu mle ndani alijua uko hai. Maji ya mtungi wako yalikuwa bado tumboni mwa Mzee Adinani. Nikasubiri mtu akohoe. Wa kwanza kufungua mdomo ni mama yake Fortunatus, yule yule wa gulioni. Akasema poleni sana, akauliza ulifariki lini. Gaudensia akamjibu kwamba mwezi wa sita, wakati wa ufuta.

Na mimi, mdogo wako wa tumbo moja, ningeweza kusema mtoto ana hasira, msimsikilize. Wote walinitazama mimi. Nikafanya ishara ya msalaba, nikasema raha ya milele umpe ee Bwana, wakaitikia, hata Mzee Adinani na uislamu wake akasema amina. Nilifurahi, Silvanus. Nisikudanganye, nilifurahi mpaka nikaogopa. Halafu Kaimu, mtoto wa mama mdogo, akaitwa akakalia kiti, posa ikapokelewa, tukapasha wali moto. Juzi wakwe wamekuletea rambirambi, jogoo na mchele. Tumekula.

Usiku nilimuuliza Gaudensia kwa nini alisema vile. Akaniambia amechoka kuona nakungoja. Mtu akishakufa angalau watu wanaacha kuchungulia njiani.

Ningekusamehe kwa uchawi kuliko hili. Siku ile ya ufuta ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata tangu mama afe. Kama ungenitukana siku ile ningerudi nyumbani nikalala. Wewe ulinisikiliza. Ulinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote, kumbe unachagua la kuniumiza nalo.

Ndoa ni Desemba, baada ya korosho kuuzwa. Usije. Ukija sitakufukuza, hakuna atakayekufukuza, ila watu watakupisha njia na hakuna atakayekusalimia, na chakula hakitakuwa na sahani yako. Tumekubaliana hivyo, ukoo mzima. Wifi na watoto waje, mlango uko wazi, na nguo za sare nimewawekea. Wifi, kama unalia, pumzika kidogo halafu umalizie.

Sina mengine. Baba Gaudensia anakusalimu, amelazimishwa. Kaimu anakusalimu. Wasalimie majirani wote wa Mandawa walioniuliza habari. Nilimwambia Gaudensia kwamba namwandikia mjomba wake, kama ana salamu nizitie. Alikuwa anapeta mchele. Akaniuliza mjomba yupi, nikamwambia Silvanus, akaniuliza kama nina homa.

Mdogo wako,
Teodosia