Kaka Yako Amepiga Nanga Kimwani

Kamugisha, ndugu yangu,

Dhambi zangu nitamwambia Padri. Hili ni lako. Pumzi ni fupi na mistari inapinda. Ulinicheka mwandiko tangu tukiwa shuleni Kashozi; cheka tena.

Tangu tukuzike kwenye kibanja chako, mambo yamegeuka. Watoto wetu walijiandikisha kwenda kufungua kijiji cha ujamaa huku Kimwani, nasi wazee tukachukuliwa pamoja na vyungu. Nyumba zimepangwa mistari. Migomba bado mifupi, haimfichi mtu. Kaka yako Byabato ni jirani yangu, anakaa kwa binti yake Koku.

Anakohoa vibaya. Mganga wa zahanati amemkataza kuimbia nanga, kile chombo chake cha nyuzi. Koku, anayeniita baba mdogo kama alivyokuita wewe, alikuja kwangu akapiga magoti. "Baba mdogo, wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie aiweke chini ile nanga. Watu wanataka mwimbaji. Mimi namtaka baba yangu." Nikamwahidi.

Jumapili kijiji kilikutana kwenye ghala jipya, wakamwomba apige. Nilikwenda na maneno yangu tayari. Byabato akakaa mkekani, akapakata nanga, akatafuna punje zake za kahawa, asianze. Unamjua: haanzi kisa kabla hajausifu ukoo wa mwenye nyumba. Akauliza, "Nyumba hii ya nani?"

Katibu wa kijiji, kijana Msukuma, akajibu, "Ya wote, mzee."

"Wote ni ukoo gani?"

Watu wakacheka. Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema tu, nyumba haina mwenyewe, mzee Byabato, twende tukapumzike. Angenyanyuka. Nikafungua mdomo, na nilichosema ni hiki: "Basi utusalimu sote, kila mtu na ukoo wake."

Kamugisha, alitusalimu. Ukoo baada ya ukoo, na babu zake, na vilima walivyotoka. Vidole vile vya kizee havikukosa uzi hata mmoja. Ujanani tulimsifu kwa kasi yake, mimi na wewe. Tulikuwa wajinga. Siku hizi sauti yake inafika kwenye jina, inakaa nalo kidogo, kisha ndipo inakupa. Nimesoma vitabu vingi, nimevifundisha pia. Sikuwahi kukabidhiwa jina la babu yangu namna ile.

Katibu akapaza sauti, "Na mimi je, mzee? Au mimi nilidondoka na mvua?" Byabato akamuuliza jina la babu yake, akaliimba palepale, likakaa kama lilizaliwa Kihaya. Yule kijana akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemtania.

Jioni Byabato alitema damu.

Koku hakuwapo ghalani, alikuwa anapika. Anaamini Katibu ndiye aliyemshawishi, hata salamu hampi tena. Mimi ananiletea uji kila asubuhi. "Asante, baba mdogo, najua ulijaribu." Naupokea. Naunywa. Mungu wangu, naunywa wote!

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba nikijitafuta majuto ya siku ile siyapati. Nampenda kaka yako. Simtakii kifo. Na bado nikifumba macho namsikia, nataka tena. Jana kanishika mkono akaninong'oneza, "Mwalimu, siku nzima ilikwisha kwa salamu. Kisa chenyewe sijawapa. Jumapili." Nilifurahi, Kamugisha. Nilifurahi kama mtoto, huku nikiiona damu kwenye kitambaa chake.

Basi nakuahidi wewe, kwa kuwa wewe siwezi kukudanganya. Kesho, kabla sijagusa uji, nitamwambia Koku ni nani aliyesema neno lile. Asiponiletea tena, ni haki yake. Akimzuia baba yake Jumapili, nitamuunga mkono mbele ya watu, hata sauti ikinikauka.

Lala salama, ndugu yangu. Sisi wawili huku tunakuja, sijui nani atatangulia. Akiwa ni yeye, mpokee taratibu. Usimwombe chochote. Mwache kwanza apumzike, kwa sababu mimi sikuweza kumwacha.