Babu Yako na Wajane wa Murungu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kasulu mvua zinanyesha, na mama yako amepona malaria. Umeniuliza marehemu babu yako, profesa wa saikolojia ya jamii, aliwezaje kuwafanya watu wamweleze upweke wao.

Ujanani nilimsindikiza hadi kijiji cha Murungu kuwahoji wajane. Kila mmoja alimjibu, "Tuko salama," kwani kwetu mgeni aliyesimama haelezwi majonzi. Babu yako alipochoka kusimama aliketi, akaanza kupukuchua mahindi pamoja nao. Mjane mmoja akacheka: "Kumbe mwalimu naye ana makalio! Haya, uliza sasa." Alipoulizwa, akalia. Babu yako hakuandika neno, aliendelea kupukuchua tu.

Tangu tumzike, wengi wananijulia hali wakiwa wamesimama mlangoni. Nawajibu niko salama, nao wanaondoka.

Bibi yako